Pipa Lililoandikwa Al-Si

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana kuna watu walimtafuta huku nimesimama mbele yao bila nyusi, wakaenda kumwangukia mtu mwingine kabisa.

Kazi yangu ni kuchomelea na kusaga vyuma. Miaka kumi na tisa, karakana ile ile, ndoano ile ile ya kutundikia ovaroli. Wananiita Cheche. Mimi husema ni kwa sababu ya grainda; wenzangu husema ni kwa sababu ya mdomo. Tunanunua alumini chakavu, pistoni na vichwa vya injini zilizokufa, tunayeyusha, tunamimina upya, tunatoa puli na vifuniko vya pampu. Mwenye karakana ni mama mtu mzima aliyeanza kwa kuyeyusha sufuria zilizotoboka nyuma ya jiko lake. Tunamwita Mama Sufuria na anaitika vizuri tu. Siku hizi magoti yamemgomea, haji kila siku, kwa hiyo amemweka Meneja.

Meneja anakaa juu, kwenye chumba chenye dirisha la kutazamia chini. Ngazi za chuma kumi na nne. Anapanda asubuhi, anashuka jioni, na katikati hapo hujui kama yupo au ni koti limetundikwa.

Halafu kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ni mkemia. Msidhani nilimpenyeza mimi; aliomba mwenyewe, akaitwa, nikashtukia namkuta getini na faili kwapani. "Mjomba, shikamoo. Kumbe unafanya kazi hapa?" Kama hajui! Alichukuliwa kwa majaribio ya miezi sita. Siku ya moto zilikuwa zimebaki siku tisa. Baada ya hapo ama anaandikwa kazi, ama anatoka na karatasi, na mkemia anayetoka karakana na karatasi inayosema alisababisha moto hana haja ya kwenda kubisha hodi karakana nyingine. Angekwenda tu nyumbani kwa mama yake akapange vikombe.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutundika ukutani jedwali la elementi, kubwa kama shuka, juu ya benchi letu la chai. Siku hiyo hiyo akapata jina: Bi Jedwali. Kitu cha pili, akapaka alama nyekundu kwenye mapipa ya maranda. Maranda ya chuma, yale yanayotoka kwenye mashine ya kukerezea, zamani tulikuwa tunayamwaga popote. Zamani ilikuwa alumini tupu, na alumini ina uvumilivu. Lakini tulikuwa tumeanza kupokea maganda ya misumeno ya injini na vitu vingine vyepesi ajabu, vya magnesi. Bi Jedwali akasema hivyo visichanganywe na kitu chochote, na akaomba dakika kumi za muda wa chai atueleze.

Hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanza, wiki tatu kabla ya moto wenyewe.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi kama kawaida. Akaja na kijiti chake, akaonyesha safu ya tatu ya jedwali, kisha akaona macho yetu yako kwenye vikombe. Akaliacha jedwali, akatugeukia sisi.

"Basi ninyi ndio safu," akasema. Akamgusa bega mkerezaji, ambaye hukaa karibu na mlango. "Huyu wa kwanza ni sodiamu. Kwa nje ana elektroni moja tu, na inamwasha. Anatafuta pa kuitupa. Tone la maji likimgusa, analipuka."

"Huyo umemjua," nikasema. "Juzi nilimwambia chai yake imepoa, akanitupia spana."

"Nilikutupia kitambaa!" mkerezaji akafoka.

"Kilikuwa na spana ndani."

"Mjomba, wewe wa pili," akasema mpwa wangu. "Magnesi. Una mbili za kutupa, kwa hiyo unachelewa kidogo kuwaka kuliko jirani yako. Kwenye maji baridi utaonekana umetulia. Ila ukishika moto, hakuna wa kukutazama usoni, na hapo maji hayakuzimi, yanakuchochea."

"Mwulizeni mke wangu," nikasema. Benchi zima likacheka, nami nikafurahi. Hiyo ndiyo shida yangu: benchi likicheka, nadhani kazi imefanyika.

Akaendelea. Wa tatu alikuwa mtu wa tanuri, ambaye havui koti hata jua likiwa utosini. Huyo akapewa alumini, kwa sababu alumini naye angewaka, ila amejivika koti la kutu yake mwenyewe, nyembamba hata huioni, na hewa na maji vinaishia kwenye koti. Katikati ya benchi palikuwa na chupa ya chai. "Hapa ni silikoni," akasema. "Hana haraka ya kutoa wala ya kunyang'anya. Sasa tazameni. Kutoka mlangoni mpaka kwenye chupa, utoaji unapungua. Kutoka kwenye chupa kwenda ule upande, mambo yanageuka: wanaanza wanyang'anyi, na unyang'anyi unazidi kadiri unavyosogea. Fosforasi ana vituko vyake, salfa, halafu klorini. Klorini amepungukiwa na elektroni moja tu, na kwa ajili ya hiyo moja atampora yeyote."

"Na yule wa mwishoni kabisa?" akauliza mtu wa tanuri.

"Agoni. Zake zimejaa. Hampi mtu, hachukui kwa mtu, ukimsemesha hajibu."

Tulinyanyua shingo tu, wote kwa pamoja, tukatazama lile dirisha la juu. Ndivyo Meneja alivyopata jina.

"Sasa huyu mlipukaji wa mlangoni," akauliza mkerezaji, akijipiga kifua, "akikutana na huyo mporaji?"

"Mmoja anatupa, mwingine anadaka. Wanatulia wote wawili. Mnawala kila siku."

"Tunawala?"

"Chumvi."

Mkerezaji alifurahi kupita kiasi kusikia kwamba yeye ni nusu ya chumvi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine ukutani. "Bi Jedwali, hebu ngoja. Sodiamu mmemwandika Na?"

"Ndiyo, Mjomba. Alama yake ni Na."

"Na nini?"

"Na basi."

"Na kule chini, hii Ni?"

"Ni nikeli."

"Najua ni, lakini ni nini?"

"Ni, nikeli!"

Basi hapo nilikwisha. Nilicheka mpaka chai ikapita njia siyo. Nikawa nawaambia wenzangu, jamani, tumeibiwa viungo vya lugha, "na" wamechukua, "ni" wamechukua, sisi tutaongeaje? Mpwa wangu aliendelea kueleza, akaelekeza kijiti kwenye kisanduku cha silikoni, akasema kitu, akaelekeza kwenye mapipa, akasema kitu. Sikusikia. Nilikuwa naifuta ovaroli.

Wiki hiyo hiyo aliomba kwa maandishi unga maalumu wa kuzimia moto wa vyuma. Karatasi ilipanda ngazi kumi na nne, ikashuka baada ya siku nne, na chini yake mwandiko wa Meneja: *Si lazima kwa sasa.* Mpwa wangu aliikunja, akaiweka kwenye faili. Kesho yake akaja na gunia la chumvi ya mawe. Akaitandaza kwenye bati karibu na tanuri mpaka ikakauka kabisa, akaitia kwenye debe lenye mfuniko, akaandika juu: CHUMVI, MOTO WA MAGNESI. Mnajua wanaume wa karakana. Kila anayepita anauliza mboga inaiva saa ngapi. Mimi niliuliza mara tatu.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi Meneja alichungulia dirishani, akasema kuna wageni wanakuja, kabla ya saa nne benchi langu liwe tupu. Benchini nilikuwa na ndoo ya maranda ya magnesi, laini kama nywele za mtoto, ambayo mkerezaji aliniachia. Nikaibeba nikaenda kwenye mapipa. Yalikuwa mawili.

La kwanza limeandikwa Mg. Nikalitazama. Alama hiyo naijua vizuri, naisoma kila asubuhi kwenye paketi ya vidonge vyangu vya presha: miligramu. Nikajisemea, hili litakuwa la vile vipande vidogo vidogo vya kupima. Mimi hapa nina ndoo nzima. Nikalipita.

La pili limeandikwa Al-Si. Al naijua, imeandikwa kwenye kila boksi la fimbo za kuchomelea alumini. Nikasoma kama mtu aliyekwenda shule: Al, si. Yaani alumini hapana. Alumini isiwekwe hapa. Basi nikafurahi, maana yangu haikuwa alumini. Nikamwaga ndoo yote, nikajipongeza, nikarudi kwenye grainda, hatua nne kutoka pale, nikaanza kusaga ukingo wa bamba la chuma.

Pipa lile lilikuwa la alumini iliyochanganywa na silikoni. Na cheche zangu, mwenye jina, zilikuwa zinaruka kuelekea huko huko.

Sikusikia mlio. Niliona kivuli changu kimetokea ukutani, cheusi ti, mchana kweupe. Nikageuka. Ndani ya pipa kulikuwa na mwanga mweupe ambao sina cha kuufananisha nao. Ukiutazama, macho yanakukataa. Mkerezaji akapiga kelele. Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Meneja akapaza sauti: "Maji! Cheche, maji! Mwaga maji!"

Nami, bila kufikiri, nikanyanyua ndoo ya kupozea vyuma.

"Mjomba, HAPANA!"

Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Lakini mikono ilikuwa imeshamtii mwenye cheo.

Yale maji hayakuzima kitu. Pipa lilijibu. Lilitoa mlio mmoja, *bwaa*, na mwale ukapanda mpaka kwenye mabati ya paa, nami nikajikuta nimekaa chini hatua kadhaa nyuma, natafuta kofia iliyokuwa imebaki kichwani. Nyusi zilikwenda. Sharubu, nilizofuga tangu ubatizo wa mwanangu wa kwanza, zilikwenda. Mkono wa kushoto ulibabuka mpaka kwenye kiwiko.

Nilipofumbua macho, mpwa wangu alikuwa ameshaliburuta lile debe. Hakuitupa chumvi kwa fujo. Alisimama ubavuni, uso ameugeuzia pembeni, anachota kwa sepetu la mpini mrefu, anaishusha taratibu kando kando ya moto, halafu katikati, kama mtu anayemfunika mtoto shuka bila kumwamsha. Mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu, ukazama. Juu ya pipa ikabaki ganda la chumvi iliyoyeyuka, linatoa mvuke. Yule mlipukaji na yule mporaji, wakiwa wamekwisha kupatana, walikuwa wamemkalia magnesi kifuani.

Mkerezaji ndiye aliyesema wa kwanza, kwa sauti ndogo: "Mboga imeiva."

Meneja akashuka. Hakuniuliza mkono wangu unaendeleaje. Hakumwambia mpwa wangu ahsante. Alilizunguka pipa, akainama, akasoma, akauliza: "Nani aliandika hili?"

"Mimi," akasema mpwa wangu. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

"Njoo kesho saa tatu ofisini. Mama Sufuria atakuwepo." Kisha akanigeukia mimi, akanipapasa bega. "Pole sana mzee wetu. Nenda nyumbani ukapumzike. Siku tatu. Usiwe na wasiwasi wowote."

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mkono. Ni lile neno, wasiwasi. Mimi ndiye niliyemwaga maranda kwenye pipa lisilo lake. Mimi ndiye niliyesaga pembeni yake. Mimi ndiye niliyemwaga maji. Na mimi ndiye niliyepewa siku tatu za kupumzika! Aliyezima ndiye aliyeitwa ofisini. Nilikuwa nimesamehewa kabla sijaomba msamaha, na nilipoutazama vizuri msamaha wenyewe nikaona umechomolewa kwenye mfuko wa mpwa wangu. Nikakasirika, jamani. Mimi ni mtu wa kucheka. Nimefukuzwa kazi mbili nikiwa nacheka. Lakini asubuhi ile nilivaa ovaroli kwa mkono mmoja, na mke wangu aliponiuliza naenda wapi nikamwambia, "Naenda kukataa mapumziko."

Nilipofika, mpwa wangu alikuwa kwenye mapipa, brashi mkononi. Amefuta alama zote. Pipa la kwanza sasa lilisema: MAGNESI TUPU. MAJI MARUFUKU. La pili: ALUMINI YENYE SILIKONI.

"Shikamoo, Mjomba. Mkono?"

"Marahaba. Mkono upo. Wewe unaandika sasa, wakati gari limeshaondoka?"

"Naandika kwa sababu nilikosea. Nilidhani watu wazima watasikiliza dakika kumi bila kucheka." Hakunitazama. "Ningeandika kwa maneno tangu mwanzo. Hilo ni langu, na nitalisema ofisini."

"Usiseme kitu! Watakukamatia hapo hapo."

"Nitasema, maana ni kweli. Lakini moto si wangu." Akachovya brashi. "Ulisomaje, Mjomba? Nieleze vizuri, usiku kucha nimejiuliza."

Nikamweleza. Al, hapana. Miligramu, vidonge vya presha. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza midomo ilimcheza kidogo.

"Kwa hiyo silikoni ikawa *si*."

"Sasa nitajuaje? Kwenye jedwali lako 'ni' ni nikeli na 'si' ni silikoni. Mkitaka kukataa jambo ninyi wakemia mnatumia nini?"

Safari hii alicheka kweli, brashi ikadondosha rangi nyekundu kwenye kiatu changu. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mmoja wetu kucheka kwa muda kidogo.

Ofisini palikuwa na viti vitatu na sisi tulikuwa wanne, kwa hiyo nilisimama mimi, mwenye mkono uliofungwa. Mama Sufuria alikaa dirishani, fimbo kati ya magoti. Meneja alikuwa na karatasi moja, imechapwa safi, na pembeni yake muhuri wa karakana.

"Cheche, wewe hukuitwa," akasema.

"Nimejiita."

"Basi kaa kimya." Akamgeukia mama. "Mama, ni jambo fupi. Bima wanataka sababu ya moto na jina. Uchunguzi nimefanya mimi mwenyewe. Pipa lilikuwa na alama za kigeni, mafundi hawazielewi. Aliyeandika ni mkemia. Anasaini, tunafunga faili."

"Binti, uliandika hivyo?" akauliza mama.

"Niliandika, mama. Na nakubali ingekuwa bora kuandika kwa maneno. Leo nimebadilisha."

"Mnaona? Amekiri," akasema Meneja, na akasogeza mbele kalamu.

Hapo nikalipuka, na nadhani hata sodiamu wa mlangoni angesogea kunipisha. "Amekiri nini? Amekiri herufi! Maranda niliyamwaga mimi! Somo tulipewa, na mimi ndiye niliyekuwa naangua kicheko. Muulizeni mkerezaji, muulizeni mtu wa tanuri. Niliposimama mbele ya mapipa sikumwuliza mtu, nikajitia msomi. Andikeni Cheche!"

"Mzee wetu alichanganyikiwa," Meneja akamwambia mama, taratibu, kama mimi sipo. "Umri, na presha. Hatuwezi kumwandika mtu wa miaka kumi na tisa hapa kwa kosa la..."

"Msinisamehe!" nikasema. "Sijaomba! Hiyo huruma yako unainyoosha kwangu ili mkono mwingine umkabe mtoto wa watu. Unajua yeye amebakiza siku nane za majaribio. Ni rahisi. Hatapiga kelele, atasaini, ataondoka, na wewe utabaki na dirisha lako!"

"Cheche," akasema Mama Sufuria. "Shusha sauti, sikio langu bado zima. Maji yalimwagwa na nani?"

"Mimi, mama."

"Binti hakuwaambia kwamba maji hayafai?"

"Alituambia wiki tatu kabla. Na siku ile ile alinipigia kelele nisimwage."

"Sasa kwa nini ulimwaga?"

Mimi, mwenye mdomo, nilinyamaza. Si kwa sababu sikuwa na jibu. Nilitaka Meneja alitoe yeye. Nikamtazama, mama akamtazama, mpwa wangu akawa anatazama meza. Ukimya ule ulikaa mpaka tukasikia mashine ya kukerezea chini inazimwa, maana huko chini nao walikuwa wanasikiliza.

Agoni alikuwa agoni. Hakujibu.

"Niliambiwa," nikasema mwishowe. "Kutoka kwenye dirisha hilo ulilokaa, mama."

"Ilikuwa dharura," akasema Meneja. "Mtu yeyote angesema maji. Huo ndio moto, na moto unazimwa kwa maji, hata mtoto anajua. Kama kulikuwa na kitu kingine cha kuzimia, mkemia angekiomba kwa maandishi. Karakana ina utaratibu!"

Mpwa wangu akafungua faili, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamsogezea mama. Mama akaishika mbali na macho, akasoma polepole, midomo ikitembea, mpaka akafika chini kabisa kwenye mwandiko.

"*Si lazima kwa sasa*," akasoma kwa sauti. "Huu ni mwandiko wako, Meneja?"

"Wakati ule hapakuwa na..."

"Na moto ulizimwa na nini?"

"Chumvi," nikadakia. "Aliyoleta mwenyewe. Tulikuwa tunamcheka."

Mama Sufuria alisugua goti. "Mimi nilianza kazi hii na sufuria na jiko la mkaa," akasema. "Siku moja nilitia kipande kilichokuwa na maji. Nina kovu hapa mpaka leo." Hakutuonyesha lilipo.

Lakini Meneja alikuwa bado hajamaliza. Mtu aliyejaa hajui kwamba kikao kimemgeukia. Akaigonga ile karatasi yake iliyochapwa. "Sawa, mama, hayo yote ni maneno. Bima hawasomi maneno ya benchi la chai. Wanataka karatasi moja yenye sentensi moja, saini na muhuri, na leo ndiyo mwisho. Sentensi ipo. Asipoisaini, tutaeleza kwamba alikataa kushirikiana, na hilo ni baya zaidi kwake."

Nikaisoma kwa juu ya bega la mpwa wangu. Ilikuwa sentensi moja kweli, herufi nene: *Mkemia ni chanzo cha moto.*

Nilitaka kuichana. Mkono mzima ulikuwa umeshaondoka kwenda mezani, mpwa wangu akaukamata katikati ya safari, akaurudisha ubavuni mwangu kama anavyorudishwa mtoto kitini.

"Wewe unasemaje, binti?" akauliza mama.

"Nitasaini."

"Hapana!" nikasema. "Dada yangu ataniuliza nini mimi?"

"Mjomba, niachie."

Akachukua kalamu. Akainama juu ya karatasi, akafanya jambo dogo pale katikati ya sentensi, lisilochukua hata pumzi moja, kisha akasaini jina lake lote kwa mwandiko mzuri, na tarehe. Hakumpa Meneja. Aliigeuza, akamsogezea mama.

Mama Sufuria aliishika mbali na macho. Akasoma. Akasoma tena, na mabega yakaanza kumtikisika, kwanza kidogo, halafu fimbo ikaanza kugonga sakafu. Akajifuta machozi kwa kiganja, akavuta muhuri, akaupuliza, akaugandamiza juu ya ile saini kwa uzito wake wote. *Tap.*

Meneja alitabasamu, akidhani yamekwisha kwa upande wake. Akainyoosha shingo kusoma. Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Umefanya nini kwenye karatasi yangu?"

Mpwa wangu alikuwa ameshasimama, anafunga faili lake.

"Nimetoa nikeli, Meneja," akasema. "Nimetia silikoni."